Kalenda ya Duka la Vipuri

Dukani kwa Okumbe Rading', Kibuye,
nyuma ya vichujio vya oili na mikanda ya feni,
Agosti haijawahi kwisha.
Kalenda imepauka, waliileta wale Wajapani
watuuziao magari waliyoyachoka,
na juu ya Agosti wameweka ngome:
nyeupe, paa juu ya paa juu ya paa,
kama mtu aliyeogopa mvua akavaa kofia tano.

Mimi nilifuata bushi ya Probox.
Nikakutana na ukuta.
Si ule mweupe, ule ni plasta tu.
Nasema wa chini, wa mawe,
unaorudi nyuma kidogo kidogo unavyopanda,
kama mpagazi anayeuzoea mzigo.
Nilisogea hadi pua ikagusa karatasi.
Hamna saruji.
Jiwe kubwa, jiwe kubwa,
na vijiwe vimesokomezwa nyufani
kama pesa za harusi mifukoni mwa shangazi.

Babu yangu Nyagilo alijenga hivyo, kule Kadem.
"Jiwe halibandikwi," aliniambia, "jiwe huozeshwa.
Lizungushe mpaka limkubali mwenzake."
Na lango la boma alilifanya fupi, hapa, kiunoni,
uingie umeinama,
shingo yako ifike kabla ya mkuki wako.

Akeyo, msichana wa risiti,
ananisomea maandishi madogo chini ya picha.
Njia ya kupanda huko, anasema, hujizungusha,
adui akadhani anakaribia kumbe anarudi alikotoka.
Sakafu zina vitundu vya kudondoshea mawe.
Mbao za ukumbi ziliwekwa makusudi zilie,
mwizi akikanyaga, nyumba nzima imeamka.
Na kileleni wameweka samaki wawili,
mikia juu, wafukuze moto.

"Samaki? Juu ya paa?"
Okumbe anacheka hadi nati zinamponyoka.
"Hapa Kisumu vita vingeamuliwa na paka!"

Nami nikacheka. Akeyo hakucheka, alikuwa mbele yetu mstari mmoja.
Samaki hawakufua dafu.
Radi ilipiga usiku, moto ukala ngazi, ukala nguzo,
ukala zile mbao zilizofundishwa kulia
(sijui zililiaje usiku huo).
Miaka mingi baadaye wakasimamisha mnara mwingine,
wa zege. Ndani wakatia lifti.

Zege! Zege naijua mimi,
nimeimwaga Milimani, nimeimwaga Mamboleo,
kifua changu kina vumbi lake hadi leo.
Lakini ukuta wa chini ni ule ule.
Moto uliuramba ukakosa cha kula.
Akeyo alisoma majina ya mabwana wa ngome, wote,
ukoo kwa ukoo, yamenitoka.
Lililobaki ni hili: mafundi walichonga alama zao mawenikatikati,
duara, mshale, mistari miwili,
kila kundi lijulikane jiwe lake.

Babu hakuacha alama.
Mwaka juzi nilikwenda, nikapapasa boma lile jiwe kwa jiwe
kama kipofu anayetafuta uso.
Mjusi alinitazama. Upande wa magharibi
watu wamebeba mawe wakajengea josho la ng'ombe.

Bushi haikuwepo. "Rudi Alhamisi," alisema Okumbe,
na kalenda hauzi, nimeshamwuliza bei mara mbili.

Sasa niko Riat, nazuia mlima usimwangukie
mtu aliyerudi na pesa zake za ng'ambo.
Anataka saruji kila mahali, ionekane. Nitampa.
Ila leo asubuhi, vijana walipokwenda chai,
nilichukua tindo nikachora jiwe moja,
mstari mfupi na nukta,
nikaligeuza, uso wake ukatazama udongo,
nikalizungusha
mpaka likakubali.